Dakika Kumi

Miezi mitatu Uru haina kivuli.
Juni, Julai, Agosti: wingu limeatamia migomba
kama kuku aliyegoma kushuka,
na mlima tunauamini tu, hatuuoni.
Navaa sweta la marehemu baba mkwe,
mikono yake inanifika kwenye kucha.

Kisha Septemba inafungua mlango kwa teke.
Kahawa imeoshwa, iko juu ya meza za wavu,
na mimi, Ndelilio, mgeuzaji wa kahawa ya chama,
navua sweta,
natandaza mbegu kwa viganja mchana kutwa.
Jua tamu. Nilicheka nalo.

Usiku hakikuwasha kitu.
Ni kesho yake, saa nne, chai mkononi,
ngozi ikaanza kunong'ona.
Vipele vidogo, punje za ulezi
zilizomwagwa na mtu mwenye haraka:
mikononi kwa nje, kwa ndani hakuna;
kifuani, pale shingo ya gauni inapoachia;
juu ya miguu, ila chini ya mikanda ya kandambili
pamebaki pasafi.
Usoni hamna. Uso umezoea, uso hauvai sweta.

Mama mkwe alisema upupu.
Mzee wa mizani alisema, kahawa imekukataa.
Ansila, tunayegeuza naye meza moja,
hakusema. Alisogeza kikombe chake mbali na changu.
Hilo liliwasha zaidi.
Siku ya sita vikafifia bila kuacha hata kovu,
nikaonekana mwongo.

Mwaka uliofuata niliomba kazi ya stoo.
Daftari, kalamu, dirisha la kioo upande wa kushoto.
Mkono wa kushoto ukaota ulezi.
Wa kulia, laini kama wa mtoto.
Nikaitazama mikono yangu
kama mashahidi wanaopingana,
nikashuka mjini, kliniki ya ngozi.

Daktari Mkunde alinichora miraba mgongoni,
shamba la majaribio,
akaimulika kwa taa, akasema rudi kesho, na keshokutwa.
Akachukua damu kumtafuta yule mwingine,
anayebisha hodi kwa vipele vya jua
huku ndani ameshaanza kula figo.
Hakuwemo.

Basi jua limenifanya nini?
"Limegusa kitu kidogo ndani ya ngozi,
kikabadilika sura. Ni chako bado.
Kinga yako haikitambui, inakifukuza.
Kwa wengi wetu jua lenyewe huibembeleza kinga ilale.
Yako haibembelezeki."
Akauliza kama kuna ndugu mwenye hali hii.
Nikamkumbuka shangazi Anasteria,
aliyekwenda shambani kajifunika kanga hadi vidoleni,
nasi watoto tukimwita bibi harusi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakuendelea hadi chini ya nguo.

Tulikuwa na mbwa, Popi.
Nilirudi kutoka bweni, muhula mzima sijaonekana,
akanirukia langoni akanirarua sketi.
Hakuwa mbaya. Nilinuka sabuni ya kwingine.
Siku ya nne alilala juu ya viatu vyangu.

Sasa sisubiri Septemba.
Agosti, wingu likitoboka tu, natoka:
dakika kumi, mikono wazi,
nimesimama kati ya migomba
kama mtu anayengoja kupigwa picha.
Kesho kumi na tano.
Shingoni napaka dawa ya tyubu,
Ansila ananicheka: umejipaka chokaa, nyumba wewe!
Kikombe chake kimerudi karibu.

Desemba nitageuza kahawa mikono mitupu,
na ulezi hautaota.
Halafu Juni tena, sweta tena,
na kila kitu ndani yangu kitasahau.

Leo ni ya kwanza. Dakika ya saba.
Mlima umetoa bega moja.
Nimelinyoshea jua mkono,
taratibu, ngumi imefumbwa,
kama unavyomnyoshea mbwa
anuse kwanza.